Premed Marekani: kemia niliiweza, CARS ndiyo iliyonitoa jasho

Nyumbani Tanzania ukimaliza kidato cha sita na PCB yako (fizikia, kemia, baiolojia) imekaa vizuri, unaomba chuo cha tiba cha Muhimbili au Bugando, unasoma MD miaka 5, unamaliza na mwaka mmoja wa intern, basi wewe ni daktari. Marekani mlango huo haupo. Unatakiwa kwanza upate digrii ya kwanza, kwa kawaida miaka 4, ndipo uombe chuo cha tiba usome mingine 4, halafu yaje mafunzo ya ubingwa ya miaka 3 hadi 7. Mjomba wangu wa Korogwe nilimweleza kwa simu mara nyingi, na kila tukimaliza ananiuliza, "Sasa mwanangu, hicho unachosoma ni udaktari au si udaktari?"

Jibu ni kwamba si udaktari. Wenyewe wanaiita premed, na hata kozi si kozi. Unaweza ukasoma historia au uhasibu, ilimradi uwe umepita kwenye baiolojia, kemia, kemia kaboni, fizikia na biokemia, na mengi ya hayo yana maabara. Mimi nilichukua baiolojia kwa sababu ilikuwa inaingiliana na masomo hayo, si kwa sababu nyingine yoyote.

Kabla sijaendelea, niseme jambo ambalo watu huwa wanalijua wakiwa wameshatumia pesa. Mimi nilikuja na familia kwa bahati nasibu ya grinikadi. Ukija kwa viza ya mwanafunzi hali ni ngumu zaidi, maana vyuo vingi vya tiba huku havipokei wanafunzi wa kigeni, na mikopo ya serikali huipati. Usije ukauza kiwanja cha baba kabla hujasoma masharti ya kila chuo unachokitaka.

Masomo yenyewe, kwa mtu aliyesoma PCB nyumbani, yanabebeka. Benzini na alkoholi nilishagombana nazo tangu kidato cha tano, kwa hiyo darasa la kemia kaboni lililokuwa likiwaliza wenzangu mimi nilikaa nalo vizuri. Kilichohitaji akili ni ratiba. GPA, yaani wastani wa alama zako, huku inakufuata: ukifeli somo ukalirudia, hata kama chuo chako kinafuta alama ya kwanza, mfumo wa pamoja wa kuombea vyuo vya tiba, AMCAS, unazihesabu alama zote mbili. Nilijiwekea sheria ya kutochukua masomo mazito mawili yenye maabara katika muhula mmoja, nafasi zilizobaki nikazijaza saikolojia na sosholojia, ambazo zinaingia pia kwenye MCAT, mtihani wa kuombea vyuo vya tiba. Mshauri wangu wa masomo aliona nakwenda polepole. Nilimsikiliza kwa heshima, nikaendelea na ratiba yangu.

Sababu ya kwenda polepole ilikuwa kazi. Nilifanya kozi fupi ya CNA, yaani msaidizi wa wauguzi, nikapata shifti za usiku kwenye nyumba ya wazee hapa Minneapolis. Wabongo wengi huku wanaihesabu kazi hiyo kama kubeba boksi tu, na kodi ya nyumba kweli ililipa. Lakini vyuo vya tiba vinataka kuona umekaa karibu na wagonjwa, na kuna wenzangu waliokuwa wanatafuta pa kujitolea wakati mimi nalipwa kwa kitu hichohicho. Usiku ukiwa na mzee asiyeweza kujigeuza, unamgeuza kila baada ya saa mbili, unakagua visigino na sehemu ya chini ya mgongo kama ngozi imebadilika rangi, unaandika, unakwenda chumba kinachofuata. Nilipokuja kusoma kwa nini mgandamizo unazuia damu na tishu zinakufa, nilikuwa tayari najua mahali pa kuangalia.

Sasa MCAT. Ni mtihani wa kompyuta wa siku nzima, kama saa saba na nusu ukihesabu na mapumziko. Una sehemu 4, kila moja inatolewa alama kuanzia 118 hadi 132, na jumla ya juu kabisa ni 528. Sehemu tatu ni sayansi: ukikaza na kadi za kukariri na mazoezi, alama zinapanda. Iliyobaki inaitwa CARS, yaani kusoma na kuchambua hoja. Vifungu 9, maswali 53, dakika 90. Hakuna sayansi humo. Unapewa insha ya falsafa, au ya uchoraji wa Ulaya wa zamani, au ya ubishi wa wanahistoria, na unaulizwa mwandishi anamaanisha nini. Hakuna dakika za nyongeza eti kwa sababu Kiingereza si lugha ya nyumbani kwenu. Sisi Kiingereza chetu cha shule ni cha kueleza usanisinuru, si cha kumvumilia mtu anayezunguka aya tatu ndipo aseme kwamba hakubaliani na mwenzake.

Mazoezi ya mwanzo alama zilikuwa chini na hazisogei. Vitabu vya maandalizi vilikuwa na mbinu zao, pigia mstari hiki, ruka kile, na kwangu hazikushika. Kilichonisaidia kilitoka kwenye Kiswahili cha kidato cha nne, swali la ufahamu na ufupisho. Mwalimu wetu hakuturuhusu kushika kalamu kabla ya kusoma habari yote. Ukimaliza anakuambia funika kitabu, sema kwa sentensi moja huyu mtu anataka nini. Ukianza kusimulia habari upya, anakukatiza: "Sikuuliza kilichotokea. Anataka nini?"

Nikaanza kufanya hivyohivyo kwenye basi la asubuhi nikitoka kazini, kifungu kimoja kwa dakika 10, na kila aya naimalizia kichwani kwa Kiswahili: hapa anawataja wanaompinga, hapa anawakubalia kidogo, hapa ndipo anageuka. Kiswahili kilinilazimisha kuacha mapambo ya Kiingereza na kushika hoja. Kwenye majibu nikawa natafuta lile ambalo mwandishi angelitia sahihi, hata kama mimi naliona ni upuuzi, na jibu lenye "daima" au "kamwe" nalitilia shaka kwanza. Alama zilianza kupanda taratibu, na hatimaye CARS ikakaribiana na sehemu zangu za sayansi. Wanaosema CARS haifundishiki, kwamba unayo au huna, mimi siwaamini.

Siku ya mtihani wanakukagua hadi mifuko, simu na chakula vinabaki kwenye kabati. Mapumziko marefu ni dakika 30, na yanakuja baada ya CARS. Nilikula chapati mbili na yai nikarudi kukaa.

Maombi yanafunguliwa Mei, na vyuo vingi vinasoma mafaili kadiri yanavyoingia, kwa hiyo anayetuma Juni hayuko sawa na anayetuma Septemba. AAMC, wanaosimamia mtihani, wana mpango wa nafuu kwa wenye kipato kidogo. Mpango huo unapunguza ada ya mtihani, unatoa vifaa vya mazoezi bure, na unakulipia ada ya AMCAS kwa hadi vyuo 20. Uombe kabla hujalipa chochote, maana pesa uliyokwisha kulipa hairudi. Insha binafsi ni herufi 5,300 pamoja na nafasi. Ya kwangu nilianza na bibi aliyeumwa kijijini, kama kila mtu, nikaifuta, nikaandika kuhusu kumgeuza mzee saa tisa za usiku.

Kwenye usaili mmoja walinipitisha chumba hadi chumba, kila mlangoni swali jipya na dakika chache za kulijibu. Chumba kimoja nilipewa hali ya mgonjwa anayekataa matibabu, niseme ningefanya nini. Niliuliza kwanza yeye anataka nini. Chuo hicho ndicho kilichonichukua. Naanza Agosti, na kazini nimebaki na shifti za wikiendi tu hadi Julai.