Doar Ivri yangu ya kwanza

Leo nimefika nyumbani nikakuta bahasha nimeingoja wiki tatu, jamani furaha niliyonayo siwezi kuielezea. Wanaonijua wanajua nakusanya stempu zenye mambo ya Kiyahudi, miaka sita sasa, na hii ndo nilikuwa naitafuta siku zote, Doar Ivri (yaani "Posta ya Kiebrania") ya mil 3, mil ni pesa ya wakati huo, ile ya rangi ya machungwa, kutoka seti ya kwanza kabisa ya Israeli iliyotoka tarehe 16 Mei 1948.

Seti nzima ni stempu 9 na zote zina picha za sarafu za kale, za wakati Wayahudi walipoasi utawala wa Roma. Lakini kinachonigusa mimi ni kwamba hakuna neno Israeli hata moja pale juu. Zilichapishwa kwa siri kabla ya uhuru kutangazwa, nchi ilikuwa haijapewa jina bado, basi wakaandika tu "Posta ya Kiebrania". Na imeandikwa kwa Kiarabu pia, nikashika lensi nikasoma herufi moja moja kama tulivyofundishwa chuo cha Kurani utotoni, al-barid, yaani posta... nikatulia kidogo.

Yangu haina kile kipande cha chini chenye maandishi, wakusanyaji wanakipenda sana na bei inapanda kwa ajili yake. Sijali. Meno ya kingo zake yote yapo, hakuna lililokatika. Nimeishika kwa kibano nikaiweka kwenye albamu ukurasa wa kwanza, ule niliouacha wazi tangu mwanzo.