Mjomba wangu hakutubu

Lubumbashi, Jumapili usiku

Leo tumetoa matanga. Viti vya kukodi vimerudishwa kwa mwenyewe, masufuria yameoshwa, na parseli ya mjomba, kiwanja chenye nyumba yake hapa mtaa wa Katuba, imebaki na ule ukimya unaokuja watu wa kilio wakishaondoka. Watoto wamelala kwenye mkeka sebuleni. Nimekaa jikoni na daftari, maana kuna jambo limenikaa kooni tangu siku ya maziko, na nisipoliandika leo najua nitalizoea.

Siku ile pasta alisimama mbele ya jeneza, akashika maikrofoni, akatuambia kwamba juma moja kabla ya kufa mjomba alimshika mkono, akalia machozi, akalikiri jina la Yesu. Parseli nzima ikaitikia haleluya. Kwaya ikapokea, akina mama wakapiga vigelegele kwenye kilio. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mwembe, na sikufungua mdomo.

Hayo hayakutokea. Siku kumi na moja za mwisho ni mimi niliyelala kwenye kiti karibu na kitanda chake hospitalini. Nilimnywesha maji kwa kijiko, nilimgeuza ubavu, nilijua nani ameingia na nani ametoka. Pasta alikuja mara moja, mjomba akiwa usingizini, akaomba kwa sauti ya chini, akaenda. Usiku wa mwisho mjomba aliniomba nifungue dirisha. Nikafungua. Akasema, "Mama, asante." Aliniita Mama tangu nikiwa mdogo kwa sababu nimebeba jina la mama yake. Baada ya hapo hakusema neno jingine.

Mjomba hakuamini kwamba Mungu yuko. Mimi ni Mkristo. Naandika hivi nikiwa nimetoka kuimba Misa ya asubuhi, na kesho saa kumi na moja nitaamka kuomba kama ninavyofanya kila siku. Simwandikii mjomba utetezi kwa sababu nafikiri kama yeye. Sifikiri kama yeye. Naandika kwa sababu wamemzika mtu mwingine ndani ya jeneza lake.

Alisoma hapa kwenye chuo kikuu, kampasi ya Kasapa, miaka ya 1970, baada ya serikali kuunganisha vyuo vikuu vyote mwaka 1971 na kuileta fakulte ya fasihi Lubumbashi. Kabla ya hapo alikuwa seminari ndogo. Alimsikiliza mwanafalsafa Mudimbe akifundisha, mtu wa Likasi aliyekuwa mtawa wa Kibenedikto kule Rwanda akautoka utawa bado kijana, na alipofariki Marekani Aprili mwaka 2025 mjomba alikaa siku nzima chini ya mwembe bila redio. Alikuwa mwanafunzi mwaka 1974, Mobutu alipofuta Noeli kama sikukuu ya taifa. Nilidhani siku hiyo ilimfurahisha. Aliniambia hapana, ilimuudhi sana, kwa sababu mtu anayekukataza kuomba na anayekulazimisha kuomba wanakushika mahali pamoja.

Watu walitafuta sana jeraha lililomtoa kwenye imani. Hicho ndicho kilichonishangaza miaka yote. Hakuna aliyekubali kwamba mtu anaweza kukaa, akafikiri, akaona hoja hazimtoshi. Shemeji walisema padri fulani alimwonea seminarini. Majirani walisema ni kwa sababu ya mtoto aliyempoteza. Wengine, kwa sauti ya chini zaidi, walitaja mambo ya uchawi. Nilimuuliza mwenyewe siku moja tukichambua sombe, majani ya muhogo, maana aliipenda kazi hiyo na hakuona aibu kuifanya. Akajibu: "Hakuna aliyeniudhi. Mapadri wale walinilisha, wakanifundisha Kilatini. Nilisoma, nikauliza, nikangoja jibu. Halikuja. Mtoto wangu alikufa miaka minane baadaye." Kisha akaniomba nisogeze beseni.

Walipoona jeraha halipatikani, wakasema ni mambo ya wazungu: Mwafrika hawezi kukosa Mungu. Hapo ndipo alipokuwa akipandisha sauti. Aliwakumbusha kwamba misioni ya kwanza ya Katanga aliileta Mskoti, Frederick Arnot, alipofika Bunkeya kwa mfalme Msiri mwaka 1886. Kama njia ya mzungu inachafua, alisema, imechafua mizigo yote miwili iliyopita juu yake, imani na kutoamini. Na aliyetuambia kwa kitabu sisi Wabantu tunaamini nini hasa alikuwa Mbelgiji, Placide Tempels, Mfransisko aliyefanya kazi humu humu Katanga. Kitabu chake kilichapwa mji huu ukiitwa bado Élisabethville, mwaka 1945. Mjomba alimheshimu Tempels, kwa kuwa alitusikiliza wakati wengine walikuwa wakituhesabu tu. Lakini hakukubali mtu amwambie anaamini nini kabla hajafungua kinywa.

Kuna kisa alichokipenda kuliko vyote, alichokisimulia mwandishi Okot p'Bitek wa Uganda. Mwaka 1911 mapadri Waitalia waliwauliza wazee wa Kiacholi nani aliwaumba. Lugha yao haikuwa na neno hilo la kuumba, basi swali likageuka kuwa nani aliwafinyanga. Wazee wakajibu mtu huzaliwa na mama yake. Wakabanwa: lazima yuko mmoja. Mwishowe mzee mmoja akakumbuka kwamba wapo watu ambao uti wa mgongo hupinda kwa ugonjwa hadi wakawa na kibyongo, na anayewafinyanga hivyo ni Rubanga. Basi ikaandikwa kwamba Rubanga ndiye anayefinyanga watu, na jina la kile kinachovunja migongo likawa jina la Mungu kanisani. Mjomba alikuwa akimaliza kisa hiki anatazama chini kwa muda. Alisema kinachomuuma si kosa la tafsiri. Kinachomuuma ni kwamba wazee walisema wasilolijua, kwa sababu waliowauliza hawakuweza kuondoka bila jibu.

Nakifikiria kisa hicho sana tangu maziko. Pasta naye hakuweza kuondoka bila jibu.

Na mjomba alilijua litakalokuja. Alinisimulia habari za Darwin, mwanasayansi aliyekufa mwaka 1882. Mwaka 1915 gazeti moja la dini la Marekani lilitoa habari ya bibi mmoja Mwingereza aliyesema alimkuta mzee kitandani na Biblia mkononi, akijutia mafundisho yake. Henrietta, binti wa Darwin, aliandika mwaka 1922 kwamba yeye ndiye aliyekuwepo baba yake alipokufa, na bibi huyo hakuwepo kabisa wakati wa ugonjwa ule. Ila habari ya uongo ilikuwa imeshatembea, na inatembea hadi leo. Alinisimulia pia Hume, mwanafalsafa wa Uskoti. Mwandishi Boswell alikwenda kumtembelea Edinburgh, Jumapili tarehe 7 Julai mwaka 1776, mzee amekonda kwa ugonjwa, apate kujua kama kifo kimembadilisha. Hume akamwambia kwamba kutokuwepo baada ya kufa hakumsumbui zaidi ya kutokuwepo kwake kabla ya kuzaliwa. Boswell ndiye aliyetoka pale na wasiwasi. Hume alikufa Agosti, akiwa mtulivu.

"Watasema nimetubu," mjomba aliniambia. "Wewe utakuwepo."

Nilikuwepo. Nikanyamaza.

Sitaki kumfanya mtakatifu wa upande mwingine. Kuna mahali alikosea, naliona hivyo. Aliichukua sala kama ombi linalopelekwa ofisini: umeomba mvua, mvua haikuja, basi ofisi haina mtu. Nilimweleza mara nyingi kwamba saa kumi na moja alfajiri siombi kitu. Nakaa tu, kabla ya makaa kuwashwa na jogoo wa jirani kuanza, na kuna jambo la kukaa pamoja pale ambalo siwezi kumpa mtu mkononi alitazame. Alinisikiliza kwa adabu, akasema huo ni moyo wangu mwenyewe. Labda. Mimi najua moyo wangu ukiwa peke yake unavyokuwa, na si vile.

Naye alikuwa na swali ambalo sikuweza kulijibu, na sijaliweza hadi leo. Wachimbaji wadogo kule Kolwezi hupiga ishara ya msalaba kabla ya kushuka shimoni. Shimo likiporomoka, aliyetoka hai anatoa ushuhuda kanisani kwamba Mungu alimwona. Mjomba aliuliza tu: na aliyekuwa nyuma yake kwa hatua mbili, aliyepiga ishara ile ile? Inasemekana Epikuro, mwanafalsafa Mgiriki, aliuliza karibu hivyo kabla ya Kristo. Nimesoma majibu, ya uhuru wa mwanadamu, ya fumbo, ya Ayubu. Nikiwa peke yangu yananitosha. Nikimfikiria mama wa yule wa nyuma, yananishinda.

Mezani kwake tulikaa na swali hilo miaka ishirini, kati ya bukari, yaani ugali, na samaki, bila kuvunja undugu. Ndiyo maana sikubali kile kilichofanyika. Kama Mungu ninayemwomba ni wa kweli, anamjua mjomba alivyokuwa, shingo yake ngumu na uaminifu wake, na hahitaji sisi tumdanganye. Tunamdanganya nani basi? Katiba yetu ya 2006, ibara ya 22, inampa kila mtu uhuru wa mawazo, wa dhamiri na wa dini. Mahakamani ni sawa. Kwenye kilio, mbele ya maikrofoni, marehemu hana ibara.

Nilikusudia kuishia hapo. Lakini jioni hii nilimkabili tantini, mke wa mjomba, nikamuuliza kama anajua pasta alisema uongo. Alikuwa anafunga mabaki ya mchele kwenye kitambaa. Hakukasirika.

"Ni mimi niliyemwambia pasta," akasema.

Akaketi. Akaniuliza: ungetaka nani aje? Nani angeleta maharagwe, nani angelala hapa chini siku zote zile, nani angeimba, nani angebeba? Mjomba wako alikuwa na vitabu. Vitabu havibebi jeneza. Wewe una jumuiya yako, mimi nina kanisa langu na likelemba yangu ya kuchangiana pesa, yeye alikuwa na sisi wawili. Pasta alisema hawezi kumzika mtu aliyekufa akikana. Basi nikampa alichotaka, nikapata watu mia wa kumsindikiza mume wangu.

Sikuwa na neno. Nimeishi kwenye jumuiya ndogo ya avenyu yetu maisha yangu yote, na kila kifo nilichofiwa kililetewa makaa, viti na nyimbo kabla sijaomba. Sikuwahi kufikiri ni kitu ambacho mtu anaweza kukikosa kwa sababu ya kusema kweli. Hasira yangu haikuondoka, imehamia mahali pengine, na pale ilipohamia nami nimo. Jumuiya yangu ingekuja? Nami nilimlilia mtu hata mmoja bila kusubiri ijulikane kama alikufa akiamini?

Kisha tantini akanitolea karatasi. Fundi anataka maandishi ya kaburi. Alitaka nimwandikie, kwa kuwa ndiye mimi mwenye mwandiko. Alikuwa ameshaandika mwenyewe kwa penseli: Amelala katika Bwana.

Nikamwambia siwezi kuandika hilo. Tukakaa muda mrefu. Nje mtu alipita na redio, ikafifia kuelekea barabarani. Akachukua kifutio cha mtoto, akafuta polepole, akipuliza vumbi.

"Andika Mwalimu," akasema. "Jina, miaka, Mwalimu. Msalaba uache. Msalaba ni wangu, mimi ndiye nitakayekwenda kumtembelea."

Nimeandika. Karatasi iko hapa pembeni, chini ya sahani isipeperuke. Fundi anakuja Alhamisi, ameomba mifuko miwili ya simenti, na herufi anazitoza moja moja.