Nilivyoijua historia ya Saffron Walden bila kukariri wafalme

Naandika hii kwa hasira kidogo na majigambo kidogo, mtanivumilia. Tangu nihamie huku kaskazini ya Essex, Uingereza, nikiuliza habari za mji nnaokaa napewa ushauri uleule, oo anza na wafalme, jifunze Henry wa kwanza mpaka wa nane afu ndo utaelewa. Mwengine akaniambia ukitaka historia nenda London, huku mashambani hamna kitu. Mtu akishakwambia hivo ujue na yeye hajui. Mie saivi nimefika mahala watu waliozaliwa hapahapa wananiuliza mimi Mzanzibari, hichi kichochoro zamani walikuwa wanauza nini, na nawajibu bila kigugumizi.

Mji wenyewe ni Saffron Walden, mji mdogo wa soko, watu kama elfu kumi na kitu. Kilichonishika ni zafarani. Mie nimekulia nyumba ambayo zafarani inafungwa kwenye kikaratasi na kufichwa kabatini pamoja na dhahabu, inatoka siku ya biriani la harusi, au halua ya Idi, au mtu akiandikiwa kombe. Sasa nakuja kwenye baridi hii nakuta mji mzima wa Waingereza umepewa jina kwa zafarani na hakuna anaeshtuka, wanapita tu na mifuko yao ya sokoni.

Basi nikaanza. Nilikuwa nafanya kazi kea homu, yaani nyumba ya kutunzia wazee, na hapo ndo nilipogundua ujanja wangu ambao sijauona popote. Wazee wa kule ukiwauliza swali moja kwa moja wanakuwa wapole mno, anakwambia sijui mpenzi, zamani mno, muulize mwengine. Wanaogopa kukosea. Lakini sema kitu cha uongo mbele yao uone! Siku moja wakati wa chai nikasema kwa sauti, kama naongea na mwenzangu, eti huu mji haujawahi kufikiwa na treni toka dunia iumbwe. Kulikuwa na babu mmoja ambae kwangu mimi alikuwa anasema neno moja tu, chai imepoa. Yule babu akaweka biskuti chini. Akanitazama. Akaanza, na hakunyamaza mpaka vikombe vimeoshwa. Kwamba reli kubwa ya kwenda Cambridge ilipita mwaka 1845 lakini ilipita pembeni, kule Audley End, na bwana wa lile jumba la Audley End, Lord Braybrooke, hakutaka kuona treni zikikatiza kwenye mandhari yake, ndo maana midomo ya mahandaki ya pale imenakshiwa kama mlango wa kasri. Mji wenyewe ukaja kupata reli yake ndogo 1865, na ile reli ikafungwa kwa abiria 1964, wakati wa yale makato ya Beeching, reli ndogo ndogo nyingi za nchi hii zilipofungwa. Hapo akapandwa na hasira, utadhani wameifunga jana. Alikuwa akiipanda yeye mwenyewe, anakumbuka mpaka harufu ya viti.

Nikaona kumbe dawa nimeipata. Kesho yake nikasema lile jengo la halmashauri pale sokoni, lenye mbao nyeusi na mbele pamechomoza, ni la enzi za Henry wa nane. Bibi mmoja akacheka karibu meno yamtoke. Akaniambia mwanangu, ile ni sura ya bandia. Jengo ni la 1761, na huo uso wa kizee umebandikwa 1879 kwa pesa za George Stacey Gibson. Huyu Gibson na ukoo wake ndo waliokuwa kila kitu hapa karne ya 19, Waquaker, yaani watu wa dhehebu moja la Kikristo, wana kiwanda cha bia, wana benki, na ile benki yao ni moja ya zilizoungana 1896 ikawa Barclays hii hii mnayoijua. Toka siku hiyo siamini jengo lolote la Uingereza kwa kulitazama mbele, nazunguka nyuma kwanza. Na nyie fanyeni hivo, nyuma ndo utaona matofali yalivo na mbao zilivopinda kwelikweli.

Ila uongo wenyewe uwe na akili. Ukisema mkubwa sana wanajua unawachezea. Na kila wanachokwambia ukakihakikishe, manake wazee ni wazee popote, wanapenda kuongeza chumvi. Mie nilikuwa nakwenda maktaba ya mji, imo ndani ya jengo lililokuwa soko la nafaka, kuna vitabu vya zamani vya mji huu hata sijui nani anavisoma, nadhani mimi tu na yule bwana mwenye kofia.

Sasa kuhusu huo ushauri wa kuanza na wafalme. Usianze na mfalme, anza na soko, manake bila soko huu mji usingekuwepo ulivo. Na soko lenyewe limeporwa! Soko lilikuwa Newport, kijiji kama kilomita tano kutoka hapa. Mwaka 1141 Stephen na binamu yake Matilda wanapigania kiti cha ufalme, kila mmoja anawahonga wakubwa wawe upande wake. Geoffrey de Mandeville, bwana mkubwa wa Essex, akajua bei yake imepanda, huku anachukua na kule anachukua, na katika alivyochukua kwa Matilda ni ruhusa ya kuling'oa soko la Newport na kulileta Walden chini ya ngome yake. Watu wa Newport wakabaki wanatazamana. Geoffrey mwenyewe hakulifaidi, 1143 akakamatwa, akaasi, 1144 akafa. Ngome ipo mpaka leo karibu na makumbusho, imebaki mawe ya gumegume na chokaa, mawe mazuri ya nje yalishabebwa zamani. Lakini soko lipo! Jumanne na Jumamosi, meza zinapangwa palepale, na mie nanunua bamia zangu pale wakiwa nazo.

Ukisimama hapo sokoni ukaingia vile vichochoro vya upande mmoja, Butcher Row, Market Row, Mercer Row, utaona ni vyembamba hata watu wawili wenye mikoba wanapishana kwa tabu, vile vile kama ukiwa Darajani unaingia Mji Mkongwe. Mie hapa ndo palinifungua akili. Zamani uwanja wa soko ulikuwa mkubwa kuliko sasa. Wachinjaji wana safu yao ya meza, wauza vitambaa yao, kila jioni unakunja unaondoka. Baadae mtu anachoka kukunja, anaacha meza. Mwakani anaweka paa. Mtoto wake anaweka ukuta, mjukuu anajenga ghorofa, ukija kushtuka nusu ya uwanja imekuwa nyumba na ile nafasi ya kupita baina ya meza imekuwa mtaa. Halmashauri ya kwetu wangeweka alama ya X nyekundu.

Haya, zafarani. Mji zamani ukiitwa Chipping Walden, na utajiri wake wa mwanzo ni sufu, manyoya ya kondoo. Zafarani ikashika karne ya 16, ya dawa, ya rangi ya nguo na ya chakula, mpaka ikaupa mji jina. Alieiandika vizuri ni mchungaji wa Radwinter, kijiji cha jirani, anaitwa William Harrison, aliona kwa macho yake. Maua yanachumwa asubuhi mapema, zile nyuzi zinachambuliwa kwa mkono, zinakaushwa juu ya moto mdogo zikikandamizwa ziwe kama andazi, na ua lenyewe linatupwa. Walikuwa wanayatupa mengi mpaka karne hiyo hiyo ikatoka amri wasiyatupe mtoni, atakaekamatwa anatiwa kwenye mkatale. Na anasimulia Harrison, na hii naipenda kupita kiasi, kwamba mwaka mmoja zafarani ilizaa mno, bei ikaanguka, wakulima wakaanza kunung'unika kwa maneno machafu kwamba Mungu saivi anakunya zafarani. Miaka iliyofuata ikaadimika, na mchungaji anasema ndo adhabu yao. Mkulima wa karafuu Pemba akiisoma hii atacheka peke yake.

Mie sikuridhika na kusoma. Nikaagiza vitunguu vyake mtandaoni, bei ya kama kilo mbili za nyama hivi, nikavipanda mwezi wa nane kwenye ndoo za rangi nilizotoboa chini. Nilijua nitavuna nifungue duka. Kindi wakafukua nusu. Wallahi kindi wa nchi hii wana laana, nikaweka wavu wa waya wa kuku wakachimba pembeni, nikamwaga pilipili ya unga wakala na pilipili yake, mwisho nikachukua rafu ya oveni niliyokuwa siitumii nikaifunika juu na tofali, hapo ndo wakashindwa. Mwezi wa kumi asubuhi moja naamka kwenda shifti, naona ua la zambarau limefunguka, ndani yake nyuzi tatu nyekundu zinaning'inia pembeni kama ulimi. Tatu tu! Gramu moja kavu inataka maua kama mia na hamsini. Mavuno yangu yote ya mwaka yaliingia kwenye kikombe kimoja cha chai, na nikainywa mwenyewe nimejifungia chumbani. Lakini nikaelewa kwa nini ilikufa. Kazi yote hii ya mikono, wakati zafarani ya nje inaingia kwa bei ndogo, na shayiri inalipa bila kuinamia kila ua. Mwisho wa karne ya 18 ilishakwisha, mji umeshahamia kwenye kimea cha kutengenezea bia, na hapo ndo akina Gibson wakatajirika.

Jaribio langu la kweli lilikuwa kaka na wifi na watoto wao walipokuja kutoka East Ham, London. Wifi yangu ni mtu wa maduka, akisikia historia anasinzia akiwa amesimama. Nikajiapiza sitotaja mwaka hata mmoja mpaka waulize. Kila mtoto nikampa uzi mmoja wa zafarani kwenye kiganja, ya dukani, sio yangu, nikawaambia ndani ya kanisa kubwa la St Mary's kuna ua la hii kitu limechongwa kwenye jiwe, atakaeliona kwanza ana ice cream. Ni kanisa kubwa kweli, wanasema hakuna la parokia kubwa kuliko hili Essex nzima. Mtoto wa kati, ambae shuleni wanasema hatulii, alilala chali sakafuni akitazama matao. Tukawa tunaona aibu. Mara akapiga ukelele, shangazi nimeliona! Kule juu upande wa kusini, kwenye kona ya tao, kitu kidogo hukioni kama hujakitafuta.

Afu nikawaambia humu humu ndani, 1647, vita vya wenyewe kwa wenyewe vimetulia, jeshi la bunge lilikuwa kambini hapa, bunge linataka kulivunja na wengine wapelekwe Ireland, na wanajeshi wanasema hatwendi popote kabla hatujalipwa malimbikizo ya mishahara. Wajumbe wa bunge wakaja kukaa na maofisa kanisani hapa kubembelezana, hata Oliver Cromwell akatumwa. Wifi akaamka. Wakalipwa? Anauliza hivo kwa uchungu manake na yeye kuna wakala alimzungusha na hela zake za shifti. Nikamwambia walivyozungushwa ndo walimteka mfalme mwezi ule wa sita. Akasema safi sana.

Tulimalizia kwenye uwanja wa Common, kuna njia imechimbwa kwenye majani inazunguka na kuzunguka, kubwa kuliko zote za aina yake zilizobaki nchini, kumbukumbu ya kwanza ya kuichonga ni ya 1699. Usidanganyike na udogo wake, njia yote ni kama kilomita moja na nusu. Kaka alisema anapita mara moja tu kwa heshima yangu, katikati akapotea akili akawa anataka kukata njia, watoto wakamzomea.

Mkija, mshuke Audley End, sio mnatafuta kituo cha Saffron Walden, hakipo, nishawaeleza. Kutoka hapo kuna basi, Jumapili msilitegemee, teksi sio hela nyingi mkiwa wanne. Njooni Jumanne au Jumamosi soko likiwepo. Viatu vya flati. Mie saivi nimeanza na Thaxted, mji mdogo wa jirani, walikuwa mafundi wa visu zamani, nishaandaa na uongo wa kwenda nao chai ya saa kumi.