Kimo cha roketi na matundu ya altimita

Kwa kuwa Ngomeni iko jirani yetu, ambako setilaiti ya Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, si ajabu kwamba vijana wa Malindi wanaounda roketi ndogo hutaka kwanza kujua roketi yao imefika wapi. Altimita huwajibu, ingawa yenyewe haipimi kimo: hupima mgandamizo wa hewa, kisha hukadiria kimo kwa hesabu. Ndiyo maana ninaona chumba inamokaa ndani ya roketi kina umuhimu kuliko bei yake.

Karibu na usawa wa bahari, mgandamizo hupungua kwa hektopaskali 1 hivi kwa kila mita 8 za kupanda. Ndani ya kihisi cha altimita mna kiwambo chembamba cha silikoni ambacho hupinda kadiri hewa inavyokisukuma, na kupinda huko hubadilisha ukinzani wa umeme unaosomwa mara nyingi kwa sekunde. Mgandamizo wa pwani yetu nao hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, mfano wa maji kujaa na kupwa, kwa hiyo altimita huanza kuhesabu kutoka kwenye kipimo ilichokichukua ardhini muda mfupi kabla ya kuruka.

Hewa ya nje lazima iingie chumbani bila kuchelewa. Toboa matundu madogo matatu au manne yanayolingana, yapangwe kwa nafasi sawa kulizunguka bomba la roketi, kwa maana tundu moja likielekea kusi litapokea msukumo wa upepo na kuipotosha hesabu. Yakae mbali na pua, ambako hewa huvurugika, na kingo zake zilainishwe kwa msasa. Upande wa baruti inayotoa parachuti uzibwe kabisa. Moshi ukipenya, mgandamizo hupanda ghafula na rekodi itaonyesha roketi imetumbukia chini ya ardhi! Vihisi vingine hudanganywa hata na mwanga wa jua, na kipande cha sponji nyeusi hutosha kuvikinga huku kikipitisha hewa.

Linalosahaulika zaidi ni joto. Hesabu ya kawaida huchukulia nyuzi 15 kwenye usawa wa bahari, ilhali mchana wetu hufika 30, na hewa ya moto, kwa kuwa ni nyepesi, hupunguza mgandamizo polepole zaidi kadiri roketi inavyopanda. Altimita isiyosahihisha joto ikiandika mita 200, kimo halisi hukaribia mita 210.