Namba ni halali, Windows inaikataa

Laptopu yangu ya kwanza nilipewa na shemeji, mume wa dada, aliyekuwa anaishi Uingereza. Aliinunua Septemba 2009, wiki chache tu kabla Windows 7 haijaingia sokoni, kwa hiyo ilikuja na Vista, toleo la Windows lililoitangulia, ndani na kibandiko cha Vista Home Premium tumboni. Waliowahi kutumia Vista kwenye mashine yenye RAM ya GB 2 hawahitaji kusimuliwa. Unawasha, unaenda kuchemsha chai, unarudi bado kiduara kinazunguka.

Siku zile Microsoft na watengenezaji wa laptopu walikuwa na mpango mmoja: ukinunua mashine yenye Vista kati ya 26 Juni 2009 na 31 Januari 2010, unaomba kupandishwa hadi Windows 7 ikishatoka. Shemeji akaomba, bahasha ikamfikia, naye akampa mgeni aliyekuwa anakuja Tanga. Ndani ya bahasha mlikuwa na DVD mbili. Moja ya mtengenezaji, ya kukagua mashine na kuweka draiva (programu ndogo zinazoendesha vifaa kama wifi na sauti), nyingine ya Windows 7 yenyewe, pamoja na kibandiko chenye namba ya leseni, herufi na tarakimu 25. Nikapandisha juu ya Vista, ikakubali mara moja. Bahasha nikaitupa kabatini juu ya vitabu vya fizikia.

Mwaka 2013 diski ikaanza kugonga ndani kama saa ya ukutani. Wiki moja baadaye ikanyamaza kabisa, pamoja na alama za kidato cha tatu ambazo sikuwa nimezihifadhi mahali pengine. Hilo la alama ni kesi nyingine, wacha nilipite.

Kijana mmoja fundi pale Ngamiani, hapa Tanga, akaniuzia diski ya GB 320 na kuifunga. Kisha akasema, "Mwalimu, nakupigia na Window kabisa, elfu kumi na tano, Ofisi naiweka juu yake bure." Alikuwa na maana ya ile iliyovunjwa ulinzi wake ili itumike bila leseni, inayokaa miezi miwili halafu kioo kinageuka cheusi na maneno yanajitokeza pembeni kwamba nakala hii si halali. Mimi si mtakatifu, kompyuta za shule tulikuwa tunaziendesha hivyo hivyo. Lakini namba ninayo nyumbani, imelipiwa, nilipe tena ya nini? Nikamwambia hii nitaipiga mwenyewe.

Jioni nikatumbukiza DVD, nikachagua kusakinisha upya, na ilipofika mahali pa kuandika namba nikaruka. Windows 7 inaruhusu hilo, inakupa siku 30. Ikamaliza bila kelele. Nikaingia sehemu ya kuamilisha, yaani kuthibitisha leseni kwa Microsoft, nikaandika zile herufi 25 polepole kama ninayeandika cheti cha ndoa. Jibu likaja na kosa namba 0xC004F061: namba hii ni ya kupandisha toleo tu, haiwezi kutumika kwenye usakinishaji mpya.

Nikaandika tena. Nikadhani nimechanganya B na 8. Mara ya tatu nikamwita mwanangu anisomee herufi moja moja. Jibu lile lile.

Kulipopambazuka ndipo nikaelewa kinachotokea. Namba haikuwa na kasoro. Leseni ya kupandisha ni nusu ya leseni, nusu nyingine ni ile Vista iliyokuja na mashine. DVD inapoanza kazi inaangalia kama kuna Windows ndani ya diski. Ikiikuta diski tupu, inaweka alama kwamba huu ni usakinishaji mpya, na baadaye namba ya kupandisha ikija inagongana na alama hiyo. Haki yangu ilikuwa palepale, kibandiko cha Vista kiko tumboni mwa laptopu, lakini programu haiwezi kugeuza mashine ikasoma tumbo.

Njia iliyonyooka ilikuwa kurudisha Vista kwanza, halafu nipandishe juu yake. Vista yenyewe ikiwa wapi? Laptopu nyingi za miaka ile hazikuja na DVD ya Vista. Mtengenezaji aliificha kwenye kipande cha diski hiyo hiyo na kukuomba uchome DVD za akiba siku ya kwanza. Ujumbe huo nilikuwa nimeufunga mara kumi kwa kubonyeza "baadaye". Vista ilikufa na diski.

Njia ya pili ni kusakinisha mara mbili. Ukiwa ndani ya Windows 7 ambayo haijaamilishwa, unafungua DVD ile ile, unachagua kupandisha, inajikuta inapanda juu ya nafsi yake, na namba inapita. Ni kazi ya saa kadhaa. Nilianza saa mbili usiku. Betri ya laptopu ilishakufa zamani, na umeme ulikatika ikiwa katikati ya kunakili mafaili. Uliporudi, mashine ikaniambia upandishaji haukufaulu, inarudisha hali ya awali. Angalau ilirudisha.

Kilichonitoa ni njia ya tatu, fupi kuliko zote. Nilifungua regedit, programu ya kuhariri mipangilio ya ndani ya Windows, nikateremka HKEY_LOCAL_MACHINE, Software, Microsoft, Windows, CurrentVersion, Setup, OOBE. Humo mna kitu kinaitwa MediaBootInstall chenye thamani 1. Ndiyo ile alama. Nikaifanya 0. Kisha nikafungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi, nikaandika slmgr /rearm, amri ya kuanzisha upya hali ya leseni, nikazima na kuwasha. Nikaandika namba, modemu ikiwa imechomekwa na bando la siku limebaki kidogo. Ikakubali. Sikuamini, nikaandika slmgr /xpr ili inithibitishie, ikajibu kwamba mashine imeamilishwa kwa kudumu, haina tarehe ya kuisha. Mikono ilikuwa inanitoka jasho kwa kugusa regedit, maana ukifuta kitu kisichotakiwa kufutwa humo unaanza upya.

Modemu ilikubali kwa sababu draiva zake zinakuja ndani yake. Draiva ya wifi na ya sauti ilinibidi nizishushe kwa kompyuta ya shule kutoka tovuti ya mtengenezaji, kwa kufuata namba ya modeli iliyo chini ya laptopu, nikazibeba kwa flashi. Anayetaka kufuta Windows yake azitafute kabla hajaigusa.

Wiki iliyofuata nikapita Ngamiani kununua chaja. Fundi akaiwasha laptopu, akafungua ukurasa wa taarifa za mfumo, akaona imeandikwa imeamilishwa. Akaniuliza nimetumia krak gani, yaani programu gani ya kuvunja ulinzi. Nikamweleza, akasikiliza mpaka mwisho, akakuna kichwa.

"Sasa mwalimu, hiyo namba si unipe niwapigie wateja?"

Nikamwambia namba ni ya mashine moja, na mashine yenyewe ni hii. Akacheka sana, akanitoza bei kamili ya chaja.