Linux kwenye kompyuta ya kila siku: sasa nafasi ipo
Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida kwa Windows 10, na kompyuta nyingi zilizo nzima kabisa haziruhusiwi kupanda hadi Windows 11 kwa kukosa TPM 2.0 (chipu ya usalama) au prosesa inayokubalika. Inauma kuona mashine kama hizo zikitupwa. Yenye RAM ya GB 4 inabeba Linux Mint (mfumo endeshi wa bure unaoweza kuchukua nafasi ya Windows), toleo jepesi la Xfce, bila kuhema.

Ila usisakinishe kwa pupa. Andika faili ya ISO (nakala nzima ya mfumo huo) kwenye flashi ya GB 8 kwa kutumia programu ya Rufus, washa kompyuta kupitia flashi hiyo, ujaribu sauti, printa na Wi-Fi kabla hujagusa diski. Wi-Fi ndiyo msumbufu mkubwa: chipu nyingi za Broadcom hudai draiva (programu ya kuendesha kifaa) ya ziada, nayo hupakuliwa kwa intaneti ambayo bado huna. Chomeka simu kwa waya wa USB, igawie kompyuta intaneti, kisha fungua Driver Manager, programu ya Mint ya kusakinisha draiva.

Ukibakiza Windows pembeni, zima kwanza Fast Startup (mpangilio wa Windows wa kuwaka haraka), la sivyo Linux itaweza kusoma diski ya Windows tu, si kuiandika.

Kikwazo kilichobaki ni programu. Photoshop haina toleo la Linux, na LibreOffice, mbadala wa bure wa Microsoft Office, huvuruga baadhi ya majedwali ya Excel yenye makro (amri zinazojiendesha).