Jinsi nilivyoizuia pesto yangu isigeuke nyeusi

Kwa wiki kadhaa pesto, mchuzi mzito wa majani ya rehani yaliyosagwa, ilinikosesha raha. Nikimaliza kusaga ni kijani cha kupendeza. Asubuhi nikifungua chupa, juu pana rangi ya matope. Pesto asili yake ni Genoa, Italia: rehani, kitunguu saumu, jibini, mafuta ya zeituni na mbegu za msonobari. Mbegu hizo Nairobi ni ghali, kwa hivyo mimi hutia njugu karanga nilizozikaanga bila mafuta. Ladha ni tamu sana. Shida ilikuwa rangi.

Nilidhani rehani yangu imechakaa, nikawa narauka soko la Marikiti kutafuta mbichi. Wapi! Mama mboga akaniambia, "Rehani haipendi friji. Iweke kwa maji kama maua." Hapo majani yakaacha kunyauka, lakini pesto bado ikawa nyeusi.

Kumbe jani likikatwa, vimeng'enya vyake (protini zinazoharakisha mabadiliko ndani ya jani) hukutana na hewa na kulitia weusi. Joto kali huvizima. Basi nikachemsha maji, nikatumbukiza majani kwa sekunde 10 hivi, nikayaopoa na kuyatia papo hapo kwenye maji ya barafu. Kisha nikayakamua kwa kitambaa safi hadi vidole vikaniuma, maana maji yakibaki, pesto inakuwa uji. Chupani nikaifunika kwa mafuta, nikaiweka friji.

Siku ya tatu nikaila na chapati moto, kijani vilevile. Harufu hupungua kidogo, kwa hivyo sasa huacha majani matano mabichi nikayasaga mwishoni.